Filme ya buldoza yenye kutembea bila shofere, nani anaikumbuka?

Mwana_Katuba

Jambo bandugu wa L'shi (Lubumbashi) na bale ba Kivu. Niko na swali moja inanisumbua tangu miaka mingi, bibi yangu amechoka kuisikia, njo naileta huku.

Kuko filme moja niliona nikiwa mutoto, ingekuwa 1988 ao 1989, pa Katuba mu lupango ya baba mukubwa. Ilikuwa kaseti ya video, yaya wangu (mukubwa wangu wa kuzaliwa) alitoka nayo Zambia, ya Kiingereza yote, hakuna Kifaransa hata kidogo, na mu ile lupango mwenye kusikia Kiingereza alikuwaka paka yeye ju alikaaka Kitwe miaka mbili. Basi alikuwa anasimama pembeni ya televizyo na fimbo mukononi sawa mwalimu, bazungu banasema, yeye anatutafsiria, siye batoto chini ku mukeka, bamama nyuma banachagula bitoyo.

Story vile naikumbuka: bantu kidogo, banaume batupu (hakuna mwanamuke hata moja, hiyo najua muzuri ju bamama balinungunika), beko mu kisiwa, banatumika kazi ya kutengeneza kiwanja ya ndege ao barabara. Beko na buldoza moja, munene. Siku moja buldoza inaanza kutembea yenyewe, hakuna mutu ku kiti, na inabauwa moja moja. Yaya alitueleza asema mule ndani ya mashini kuko roho ya mutumikaji moja, udongo ilimufunika mu kazi, kapita (mukubwa wa kazi) akakatala kulipa mushahara yake kwa bibi yake, sasa njo anarudia kuuliza. Kila mara buldoza inanguruma, yaya anapiga fimbo chini: « Anasema, feza yangu iko wapi! »

Miye sikulala. Pa njia ya kwenda masomo kulikuwa katapila moja ya kuharibika, minyororo imeliwa na kutu, majani imeota mpaka ku kiti. Nilizungukaka mbali mwaka muzima, nachelewa masomo, nachapwa, na sikusema juu ya nini.

Tena mwisho yake hatukuonaka. Video ilikula bandi, tukaivuta na bic sawa vile mnajua, ikakatika kabisa. Yaya akamaliza story na kinywa: kapita anaenda ku kaburi usiku na envelope ya feza, anaiweka, buldoza inazima.

Nimetafuta ku intaneti na Kifaransa, na Kiingereza ya kuvunjika, buldoza, roho, mushahara, hakuna. Mwenye kujua jina aniambie.

---

Mwana_Birere (Goma)

Kaka hiyo ni Duel, hata usichoke kutafuta. Steven Spielberg, alikuwa na miaka 24, hakuna mutu alikuwa anamujua, ABC ya Marekani ikaionyesha ku televizyo tarehe 13 novemba 1971. Mutu moja iko na kagari kekundu, Plymouth Valiant, anaenda mu mambo yake, anapita kamyo moja ya kizee, Peterbilt, chafu, moshi nyeusi, ya kubeba mazutu (dizeli), na ile kamyo inakasirika. Basi inamufuata filme muzima, inataka kumusukuma, inamungojea pa kona, na sura ya shofere hautaiona hata siku moja, utaona tu mukono inatoka ku dirisha na viatu. Dennis Weaver njo anacheza mule na jasho yake ni ya kweli, najua jasho ya shofere miye.

Waliipiga kwa siku kama 13. Halafu Ulaya wakaipenda mpaka wakasema tunaiweka ku sinema, lakini ilikuwa ya dakika 74, fupi, wakarudia kuongeza ile ya basi ya batoto wa masomo na ile ya njia ya treni, ikafika 90. Mwenye amesha kupandisha na pikipiki nyuma ya Fuso ya makala njia ya Sake hatauliza kama ile filme inaogopesha.

---

Mwana_Katuba

Asante ndugu lakini Duel naijua, naipenda, haina yenyewe. Miye nasema BULDOZA. Ya minyororo. Yenye ile chuma pana pa mbele ya kusukuma udongo. Kamyo iko na shofere hata kama hawamuonyeshi, hii yangu ilikuwa mutupu, kiti mutupu, na bile bifimbo bya kuendesha binatembea byenyewe.

---

Ruashi_Boy

Maximum Overdrive, 1986, Stephen King mwenyewe njo alii-réaliser, mashini byote binaamuka, kamyo iko na sura ya kijani ya shetani pa mbele. Kazi imekwisha, munilipe.

---

Mwana_Katuba

Hapana Ruashi, mule kuko banamuke, kuko restora, kuko muziki ya nguvu. Yangu ni kisiwa na banaume sita hivi na kimya. Unarudisha feza.

---

Nabintu_BKV (Bukavu)

Bababa munapigana bure. Inaitwa Killdozer!, na ile alama ya kushangaa pale mwisho, ni sehemu ya jina. Ni ya televizyo vile vile, ABC, tarehe 2 februari 1974, nayo dakika 74 tu ju wakati ile walikuwa wanajaza saa moja na nusu pamoja na matangazo ya sabuni.

Sasa Mwana_Katuba, kaa chini, ju nitakuumiza kidogo.

Hakuna roho ya mutumikaji. Hakuna mushahara. Hakuna kaburi. Kuko jiwe moja ilianguka toka juu mbinguni, ya zamani sana, imezikwa mu mchanga wa kile kisiwa. Hawa banaume sita banatumika kwa kampuni ya mafuta, banatengeneza pa ndege kutua. Buldoza inagonga ile jiwe, jiwe inawaka bluu, na ile mwangaza inatoka mu jiwe inaingia mu chuma. Kijana moja, Mack, alikuwa karibu, anakufa (Robert Urich njo anamucheza, mbele hajakuwa jina kubwa ya televizyo). Mkubwa wa kazi ni Kelly, anachezwa na Clint Walker, ule mwanaume mrefu sawa mlango wa kanisa. Fundi wao anaweka sikio ku chuma anasikia inalia zzzzzz ndani na mashini imezimwa. Ile sehemu, miye nilizima sauti.

Na kitu kingine: hiki kisiwa wanasema kiko pembeni ya Afrika. Afrika yetu! Na hauoni Mwafrika hata moja, hata mvuvi, hata mutoto kwa mbali, ju waliipigia California. Mutu mweusi mule ni moja, Mumarekani, Beltran. Ni wa ngapi kufa? Wa pili. Nyinyi mwenye kuangalia ma-filme ya zamani mulishajua mbele niandike.

Ukitafuta ku intaneti uwe mwangalifu, ju ukiandika hilo jina tu, inakuletea mambo ya Granby, Colorado, 2004: mutu moja alifunika Komatsu na chuma na béton akavunja nyumba za watu mu mji wake kwa hasira, waandishi wakaibatiza killdozer. Hiyo ni habari ya kweli, haina uhusiano na filme. Wewe andika na mwaka, 1974.

---

Mwana_Katuba

Nabintu

Nimesoma mara tatu. Kelly njo « Kapita Keli »! Yaya alimuitaka Kapita Keli! Na ile mwangaza ya bluu naikumbuka SASA, televizyo yetu ilikuwa nyeusi na nyeupe lakini yaya alisema « inakuwa bluu, njo rangi ya bafu, bantu benye kukufa ».

Lakini munataka kuniambia asema mushahara yote, kaburi, bibi ya marehemu, yaya alitunga? Saa moja na nusu? Bila kukohoa?

---

Nabintu_BKV

Dakika 74.

---

Mwana_Birere (Goma)

😂😂😂 Yaya wako apewe Oscar. Miye naona story yake ni bora kuliko ya ABC. Jiwe toka mbinguni ni kitu gani? Mushahara, hiyo mutu anaelewa.

Lakini Nabintu nikuulize kwa heshima, unasemaje buldoza inaogopesha? Kamyo ya Duel inakimbia, inakupata. Buldoza mutu anaikimbia na sandale ku miguu, akiwa na mutoto mugongoni.

---

Fundi_Likasi

Salamu kwenu byote. Nimefika nyuma lakini hapa njo kwangu. Niko na miaka 61, 22 niliifanya ku mashini ya minyororo, nyingi yake ku D8, kiisha D9, mu karyeri (pa kuchimba) huku Katanga, karyeri gani haina maana. Ile filme niliona ku telefone ya mutoto wangu, aliniletea juu ya kunichekesha.

Ile ya filme ni Caterpillar D9. Kweli vile Goma anasema, mbio yake haipite kilometa 11 ku saa. Beltran anajificha ndani ya tiyo (bomba) ya chuma, buldoza inakuya polepole inapanda juu inakandamiza tiyo na yeye ndani, na mutoto wangu akacheka asema papa, juu ya nini asikimbie? Sikucheka miye. Nitawaambia juu ya nini.

Ku kiti ya D9 hauone pa mbele ya lamu. Lamu njo ile chuma pana. Uko juu, capot ni murefu, lamu iko chini kule, mutu akisimama hatua mbili pa mbele, kwako hakuna mutu. Na hausikie, moteri inakula masikio. Basi saa ya midi jua ikipiga, karyeri haina muti hata moja, kivuli iko wapi? Iko chini ya mashini. Batumikaji balikuwaka banalala pale, kofia ku macho, mugongo ku minyororo. Mbele ya kuwasha, sharti uzunguke mashini muzima na ufunguo ya 32 mukononi, unapiga lamu mara tatu, ngo ngo ngo, na unainama unaangalia chini. Kila siku. Siku moja nilipiga mara tatu, nikainama, hakuna kintu, nikapanda, nikaweka mukono pa kuwasha, na sijue ni nini ilinirudisha, nikashuka nikapiga tena, na kijana moja akatoka pa upande wa nyuma anajikuna macho, anauliza « Papa, saa ngapi? » Miguu yangu ilikataa kazi siku muzima.

Kwa hiyo siye ba shofere, woga yetu ni asema mashini HAIJUE kama uko pale. Haina hasira na weye. Ile filme inageuza: mashini inajua. Inakutafuta. Inajua uko mu tiyo. Njo vile iliniingia mu mifupa, hata kama bale bazungu banasema maneno sawa banasoma ku karatasi.

Sasa makosa, ju niko fundi siwezi kunyamaza. Bantu banaulizaka, mbona hawakate waya ya batri? Mazutu haihitaji umeme juu ya kuwaka, inawaka na hewa yenye kukandamizwa mu silinda mpaka inakuwa moto sana, ukiisha washa moteri hata batri ukiitoa itaendelea. Utaizima na kukata mazutu ao kuziba hewa. Kwa hiyo pale filme iko sawa. Lakini mazutu inaisha! D9 inakula mazutu sawa arusi inakula bukari. Kukaa juu ya kilima, kungojea, kesho asubuhi imezima, mnashuka mnakunywa chai. Kelly kapita muzuri angeniuliza.

---

Nabintu_BKV

Fundi, miye nilikuwa nataka kujibu Goma lakini umejibu wewe, tena na vitu siwezi kusahau leo usiku, asante na si asante.

Naongeza tu: ni kisiwa. Kilometa 11 ku saa ni kidogo kama kuko pa kwenda. Kwa kisiwa utakimbia, utapumzika, utalala kidogo, nayo hailali. Haina hata haja ya kukimbia. Kwa Duel mutu wa Valiant anaweza kutumaini kituo cha polisi pale mbele.

Na mazutu, Fundi, mwandishi alikuwa anazijua zaidi kuliko filme. Story yenyewe ni ya Theodore Sturgeon, ilitoka mu gazeti Astounding mwaka 1944, vita haijaisha, na ule mutu aliendeshaka buldoza kweli kweli Puerto Rico. Mu kitabu mashini ni D7, wamemupa jina ya mwanamuke, Daisy Etta, ju D7 kwa Kispanyola inasomwa « de siete ». Unaona ule muchezo? Na mule kitu kinaingia mu mashini si jiwe la mbinguni, ni adui wa zamani sana alifungiwa chini ya ardhi mu magofu ya bantu walioishi mbele yetu. ABC wakaona hiyo ndefu, wakaleta jiwe. Sturgeon mwenyewe jina yake iko mu wale walioandika filme. Mwenye kupenda Star Trek anamujua, aliandika sehemu mbili zao, moja ni ile ya ndoa ya Spock.

Mu kitabu utasoma kurasa na kurasa za leva, embreyaje, grisi. Bantu wengi wanachoka. Fundi hautachoka.

---

Fundi_Likasi

Mama Nabintu, D7! Nilianzia ku D7! Mutoto wangu atanitafutia hiyo kitabu leo leo, hata kama ni Kiingereza atasoma yeye.

Daisy Etta. Yetu ilikuwa inaitwa Mama Mukwe, ju asubuhi haiwake bila kubembeleza.

---

Ruashi_Boy

Sasa mwisho wanaiuwaje? Tusiangalie dakika 74 juu ya kujua hiyo.

---

Nabintu_BKV

Wanabaki wawili, Kelly na Holvig. Kwanza Kelly anapanda ku ile mashini ingine ya kuchimba, yenye mukono murefu, anapigana nayo, chuma na chuma, sawa ng'ombe wawili wanaume. Anashindwa. Kisha wanatandika chini zile sahani za chuma za pa ndege kutua, wanaunga na umeme wa jenereta, wanaivuta ikanyage. Inakanyaga. Inatetemeka, inawaka bluu, inakufa.

---

Ruashi_Boy

Umeme?? Basi hapa L'shi tungekufa byote. Unatandika chuma, unaivuta buldoza, inakuya, inakanyaga, delestaje, umeme banaikata.

---

Mwana_Birere (Goma)

😂😂 « Bwana Buldoza ngojea kidogo, umeme inarudi saa nne. »

Nimeiangalia jana usiku yote, Nabintu alinionyesha pa kuipata. Nakubali nusu. Katikati inachosha, banaume banakunywa, banagombana, mashini inazunguka. Dutch, moja wa bale sita, na jeep yake, hapo nilisimama. Lakini Duel inabaki juu, haikuhitaji bluu yoyote. Ile kamyo ikianguka mwisho mu bonde, Spielberg akaiwekea sauti sawa nyama kubwa inalia, na ile sauti akairudisha mu Jaws samaki ikifa. Kile kitu killdozer haina: hauisikitikie ikikufa.

---

Fundi_Likasi

Miye niliisikitikia. Mashini muzima, minyororo mipya.

---

Mwana_Katuba

Bandugu nimerudi. Nilimupigia yaya simu jana, eko Kasumbalesa sasa, anafanya mambo ya déclaration, mutu muzima na bajukuu. Nikamusomea byote, jiwe, mwangaza, umeme, Daisy Etta, byote. Akanyamaza. Nikazani réseau imekatika.

Kiisha asema: « Ile wakati, Kiingereza nilijuaka kuuliza bei, na kutukana. Bale bazungu balikuwa banasema mbio sana. » Nikamuuliza sasa ile story ulitoa wapi? Asema baba ya rafiki yake, mu camp, udongo ilimuangukia 1979, na mama alizunguka ku bureau miezi, anavaa ile kitambaa moja ya matanga, anarudi na karatasi. Mu lupango yetu ile mama alikuwa anakuyaka kuangalia video naye. Alikuwa nyuma pamoja na bamama ya bitoyo. Miye sikujua. Nilimukumbuka paka ju alitupatiaka munkoyo.

Tena yaya anakatala mwisho ya umeme. Nimemueleza mara mbili. Asema andikia bale bantu yako ya intaneti, kapita analipa, njo buldoza inazima, na kama banatafuta kuiangalia siku ya poshi ku kwangu, yeye atakuya na fimbo yake.

---

Fundi_Likasi

Likasi na L'shi ni masaa mbili kama njia iko muzuri. Niko na jenereta kidogo. Mwambie yaya aanze kutafsiri tangu mwanzo, asiruke hata neno moja.